Mwanamke Ambaye Hakukuiba

Zai,

Umeenda kusuka, na ninavyomjua yule msusi wako hamtamaliza kabla ya magharibi. Kwa hiyo nina muda. Nimeinua nguo mbili za juu kwenye begi lako, nitaziweka karatasi hizi chini yake, kisha nizirudishe nguo kama ulivyozikunja. Najua utasema sikukunja vizuri.

Habari za maji ya kuchemsha na chandarua sitakuandikia. Wewe ndiye mtu wa maabara, hayo unawafundisha wengine. Basi la kesho asubuhi nalo tumeliongelea mpaka tumechoka. Nina jambo moja tu, na nitaliandika nilivyozoea kuandika maelezo kituo cha polisi: nini kilitokea, nani alikuwepo, nani alikosea.

Mwezi uliopita ulikuja na barua ya kazi ya hospitali ya Kitgum. Ukaniambia kuna wasichana wawili wa hospitali hiyo hiyo, mmoja muuguzi, mwingine wa duka la dawa, wamepanga nyumba ya vyumba vitatu na wanakukaribisha kwenye chumba cha tatu. Ukasema umekataa. Utafikia gesti siku mbili tatu huku unatafuta chumba cha peke yako, chenye geti lake na kufuli lako, hata kikiwa mbali na kazi. Nikakuuliza kwa nini. Ukajibu huku unakoroga chai, "Baba, siwezi kulala nyumba moja na watu nisiowajua. Wewe unajua kwa nini."

Nilijua. Nikanywa chai yangu.

Zai, kile kisa cha Mkongo aliyekuiba ukiwa mdogo, nikakukomboa Wandegeya, si kweli. Hakuna mtu aliyekuiba. Mimi ndiye niliyekupa kisa hicho, nikakuacha ukue nacho, na sasa naona kinakuchagulia mpaka nyumba ya kulala. Sitaki upande nacho basi kesho.

Ili nikueleze vizuri lazima nianze na neno moja la mama yako.

Nilipohamishiwa Kampala nilikuwa sijui Kiganda hata cha kuombea maji. Nilizaliwa kambini Koboko, kule kaskazini, baba yangu alikuwa askari, na Kiswahili cha kambini ndicho nilichokuja nacho. Wiki ya pili suruali ya sare ikachanika. Nikaenda kwa fundi cherehani pale chini Nsambya, msichana mwembamba mwenye futi ya kupimia shingoni. Akaishika suruali, akaitazama, akasema, "Linda, ssebo," akatoka nje akaenda zake.

Ssebo nilishajua ni bwana. Sasa mimi ni askari. Mtu ameniambia nilinde, nikalinda. Nikasimama mlangoni kwake, mikono nyuma. Akaja mama mmoja na gauni lake, nikamwambia hapana kuingia. Wakaja wanafunzi wawili kuchukua sketi zao, nikawarudisha nyuma. Msichana aliporudi na uzi wa rangi ya kaki alikuta wateja wake wote wamesimama juani na mimi nimeziba mlango. Wakamweleza. Alicheka mpaka akakaa chini. Ndipo mwanafunzi mmoja akaniambia kwa Kiswahili cha kuokotaokota kwamba kwa Kiganda kulinda ni kungoja tu. "Amekwambia ungoje, afande. Ameenda kuleta uzi."

Huyo fundi ndiye mama yako, na mwanzo wetu ulikuwa huo. Hakukuhadithia wewe kwa sababu alijua sipendi kuchekwa, lakini tukiwa wawili alinitania nalo miaka yote. Nikichelewa kazini ananipigia simu: "Nkulinda." Yaani nakungoja. Na mimi kila mara namjibu, "Kwa bunduki gani?" Kwa hiyo hapa sina pa kujifichia. Kati ya askari wote waliotoka kaskazini wakaja kufanya kazi mji huu, sidhani kuna aliyelijua neno hilo kuliko mimi.

Twende kwenye siku yenyewe. Ulikuwa hujafika miaka minne. Tulikuwa tumepanga chumba kimoja Katwe, kabla hatujapewa nyumba ya polisi. Mlango wa pili aliishi Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu, mwanamke mpole aliyekuwa anatembeza vitenge. Furaha mwenyewe alikuwa amebaki kwa bibi yake huko kwao. Mama Furaha na mama yako walikuwa wanaazimana kila kitu, sufuria, pasi, mpaka viatu. Mimi sikumpenda. Hakuwa amenikosea. Nilikuwa tu simjui, na kwa kazi yangu mtu nisiyemjua alikuwa mtu ambaye bado sijapata kosa lake.

Asubuhi hiyo mimi nikiwa zamu, mama yako alishikwa na tumbo vibaya sana. Jirani mwenye gari akajitolea kumkimbiza hospitali ya Mulago. Mama yako alikuacha kwa Mama Furaha, akampa na chupa yetu ya chai ili awapikie uji, wewe na yeye, kisha akupeleke hospitali mchana umwone. Akafunga mlango wetu. Pale getini alikuwepo mzee mmoja fundi viatu. Mama yako akiwa ameinama kwa maumivu alimwambia maneno machache: "Gamba Taata Zai alinde." Mwambie Baba Zai angoje. Alimaanisha mtoto yuko mahali pazuri, nisihangaike, habari zitanifikia.

Yule fundi viatu alikuwa mtu wa kwetu, mwanajeshi wa zamani, na Kiganda chake kilikuwa kama changu. Niliporudi saa nane mchana akaniita. "Afande, mama watoto ametoka na gari. Alikuwa ameinama hivi. Amesema ulinde."

Nikaenda mlangoni nikakuta kufuli. Nikapiga simu ya mama yako, ikaita mle mle ndani. Kwa Mama Furaha nako kumefungwa. Watoto wa pale wakasema amekubeba mgongoni, ana kikapu, ameelekea mjini. Basi, kila kitu kikajipanga kichwani mwangu. Mama yako aliona hatari, akatoka ameinama asionekane, akakimbia kutafuta msaada, akaniachia neno la tahadhari. Na Mkongo ametoroka na mtoto, huenda yuko njiani kwenda mpakani.

Ningemuuliza yule mzee swali moja tu: alilisema kwa Kiswahili au kwa Kiganda? Nimefanya kazi ya kuuliza watu maswali karibu maisha yangu yote, na hilo halikunijia. Nadhani halikunijia kwa sababu nilikuwa na jibu tayari. Nilikuwa nalo tangu siku ile Mama Furaha alipohamia pale na kikapu chake.

Nikawapigia wenzangu. Hawakuchelewa. Walimsimamisha Wandegeya, pale barabara inapoanza kupanda kwenda Mulago. Nilipofika alikuwa katikati ya askari wawili, na wewe mgongoni kwake umelala. Aliponiona alishusha pumzi, akidhani amepata wa kumsaidia.

"Baba Zai, tunaenda kwa mama yake," akasema. "Yuko hapa Mulago, anagonjwa. Kuja twende wote."

Hospitali ilikuwa pale juu, unaiona. Mtu mwenye akili angesema haya, twende tukaone. Mimi nilimwambia anyamaze. Nikakutoa mgongoni. Uliamka, ukashika kitenge chake ukaanza kulia, nikakufungua vidole kimoja kimoja. Watu walikuwa wamejaa. Mwanamke mmoja muuza ndizi alimtemea mate Mama Furaha miguuni, na mimi nilimwona, nikamwachia. Kituoni nikachukua kitabu cha matukio nikaandika mwenyewe: wizi wa mtoto. Mwandiko wangu siku hiyo ulikuwa mzuri sana.

Mama Furaha alilala selo, mimi nikakesha nawe nyumbani nikidhani mama yako atarudi. Asubuhi yake mama yako mdogo, dada wa mama yako, alinifuata kituoni kutoka hospitali. Alikuwa na hasira. Mama yako amepasuliwa jana, amenusurika, na kila akizinduka anauliza mtoto na uji viko wapi, na Mama Furaha kapatwa na nini njiani.

Nilienda mwenyewe kufungua selo. Nikamwambia ni makosa, anaweza kwenda. Hilo neno makosa nililisema kana kwamba makosa yamejifanya yenyewe. Kwenye kaunta aliomba kikapu chake. Akatoa ile chupa ya uji, akaifungua, uji ulikuwa umechacha. Akaenda bombani nje, akaumwaga, akaisuuza mara mbili, akanirudishia.

"Hii ni ya Mama Zai," akasema. "Aliniazima." Alipofika mlangoni akageuka. "Mutoto hapendi uji ya moto. Ungoje kwanza ipoe."

Akaenda. Niliona aibu, Zai, ya kweli, ya kumfanya mtu asijue aweke wapi mikono. Lakini sikumfuata. Kulikuwa na vijana wangu pale kaunta wananitazama, na mimi nilikuwa na cheo. Ndani ya wiki hiyo akahama. Sisi nasi, mama yako alipopona, tukahamia nyumba ya polisi Nsambya.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu aliyekosea mara moja. Sikuishia hapo. Ulipokuwa na miaka saba ulimfuata mwenzako wa shule nyumbani kwao bila kuaga, tukakutafuta mpaka jioni. Ulipopatikana sikukuchapa. Nikakukalisha nikakuambia kwamba wewe uliwahi kuibwa, na aliyekuiba alikuwa jirani, mpole, mwenye tabasamu, aliyeazima vyombo vyetu. Mama yako alikuwa anapiga pasi. Aliiweka pasi chini akanitazama. Mimi nikaendelea.

Kisa kilifanya kazi vizuri mno. Hukumfuata mtu tena. Ulipokwenda shule ya bweni, siku ya kwanza msichana mmoja alitaka kukusaidia kubeba godoro, ukalivuta mpaka likachanika. Hukula chakula ambacho hukukiona kikipikwa. Na yule kijana wa Kibuli aliyekuwa anakuja hapa, fundi umeme, mtaratibu, ulimwacha kwa sababu alikuwa anajua sana ratiba yako. Wewe uliita umakini. Mimi nilijua ni kazi ya mikono yangu, na nitasema ukweli, nusu yangu ilikuwa inajivunia.

Sikuandikii ili nikwambie watu wote ni wazuri. Wezi ninawajua, wengine nawajua kwa majina na kwa vilio vyao. Ila nimestaafu sasa, nakaa hapa barazani, na nimegundua kitu ambacho kazini sikukiona. Kituoni wanakuja waliotendwa na waliotenda. Hakuna mtu anayekuja kaunta kusema, afande, naomba uandike, jirani yangu amenirudishia sufuria. Hakuna anayekuja kuripoti kwamba ameacha mtungi wake kwenye foleni ya bomba, akaenda shughuli zake, akarudi akakuta watu wameusogeza mpaka mbele, umejaa. Nilisoma kitabu kile cha matukio kila siku nikadhani nausoma mji.

Na mimi mwenyewe niliishi kwa watu kama hao. Miaka yote nililala usingizi kwa sababu kuna askari mwingine, mara nyingi nisiyemjua hata jina, amesimama nje. Sikuwahi kuamka kumkagua. Siku ile ya Mulago, yule jirani mwenye gari aliyemwokoa mama yako sikuwa nimewahi hata kumsalimia. Ningekuwepo nyumbani mimi na tabia yangu, ningemuuliza kwanza anatoka wapi na anataka nini, na mama yako angekufa nikiwa bado nauliza.

Kuna salamu zako nilizozikalia. Ulikuwa ndiyo kwanza umeanza sekondari. Nilikwenda kwenye maduka ya Kikuubo kutafuta zipu ya koti langu, na kwenye kimlango kimoja chembamba cha vifungo na uzi nikamkuta Mama Furaha. Alikuwa amenenepa kidogo. Alinitambua kabla sijamtambua. Nilidhani atapiga kelele, na pale Kikuubo ukipigiwa kelele unakwisha.

"Baba Zai," akasema. "Unatafuta nini?"

"Zipu."

Akaniletea, akaipima kwenye koti langu, akaifunga kwenye karatasi. Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Nikamuuliza biashara inaendaje. Akasema inaenda. Kisha akauliza, "Mutoto yuko?"

"Yuko. Amekuwa mkubwa, anasoma."

"Na Mungu asifiwe. Mumwambie Mama Furaha anamusalimia sana."

Nikaitikia kwa kichwa. Mtu niliyemlaza selo alinipa mzigo niufikishe, akiamini nitaufikisha, na mimi niliondoka nao nikauficha miaka yote hii. Sikusema samahani hata siku hiyo. Nilisema asante kwa zipu.

Nilimwambia mama yako jioni hiyo. Akauliza, "Sasa utamwambia Zai lini?" Nikasema nikistaafu. Yeye angeweza kukwambia siku yoyote, lakini alisema hilo si lake, ni langu, na akikwambia yeye utamwamini yeye na utanikosa mimi. "Haya," akasema. "Nkulinda." Safari hiyo sikumtania. Alingoja. Nilistaafu, sikusema. Akaugua, sikusema. Siku zake za mwisho alinitazama tu, hakuuliza tena, na nikajua bado anangoja. Tumemzika huu ni mwaka wa tatu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko selo.

Baada ya mazishi nilirudi Kikuubo. Kimlango kina kijana mwingine, anauza chaja za simu. Akasema yule mama wa Kikongo na mwanawe walipata nafasi ya kwenda ng'ambo, nchi ya baridi, haijui jina. Namba hana. Kwa hiyo samahani yangu haina pa kwenda tena, na sikudai uibebe wewe. Nimekuandikia tu ujue kwamba mtu aliyekubeba siku ile alikuwa anakupeleka kwa mama yako, polepole, kwa mguu, kwa sababu ulikuwa umelala na hakutaka kukuamsha.

Utakasirika. Ni haki yako, na sitakupigia simu kukuharakisha ukasirike umalize. Chumba cha Kitgum uamue mwenyewe. Ukitaka geti na kufuli lako, chukua, mradi sababu iwe yako.

Limebaki moja, na hili hulijui kabisa. Wiki mbili zilizopita nilimpigia mwenzangu wa zamani, askari aliyeko Kitgum. Nilimpa namba yako na picha yako. Nikamwomba awe anapita pitapita hospitali, aone unatoka saa ngapi na unatembea na nani. Nikampa na majina ya wale wasichana wawili, maana uliyataja, nikamwambia awachunguze. Nilifanya hivyo nikiwa najua yote niliyokuandikia hapo juu.

Leo ulipotoka kwenda kusuka nimempigia tena. Nimemwambia aache, asikufuate, afute namba. Akashangaa. "Kuna tatizo?" Nikasema hakuna. "Lakini wale wasichana nimeshawachunguza," akasema. "Nimeuliza mpaka kwa mwenye nyumba wao. Nikueleze?"

Alikuwa nayo yote, na alikuwa tayari kuniambia.

Nikamwambia hapana. Akauliza mara ya pili, kwa sababu ananijua. Nikamwambia hapana, asante, nikakata simu. Kwa hiyo sijui ni watu gani, Zai. Ukiwajua, utaniambia wewe.

Baba yako